Usiyaache yale maneno ya pembeni

Kopi ya wimbo ikishapita mikono mitano, nota zinabaki na maneno ya pembeni, yale yanayoeleza wimbo uimbwe vipi, yanapotea. Nimeliona hili miaka yote niliyofundisha kwaya hapa Dodoma. Mtu kapiga picha wimbo kwa simu, kaurusha kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa kwaya, mwingine kaunakili kwa mkono kwenye kaunta buku, wa tatu katoa fotokopi mjini. Ukifika kwangu, d na r na m na s zote ziko mahali pake, mashairi yote yapo, ila ile "p" ndogo iliyokuwa juu ya mstari wa pili haipo. "Cresc." haipo. "Rit." ya mwisho haipo. Aliyenakili hakuwa mvivu. Aliyaona mapambo tu, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine.

Mchana nafundisha hesabu sekondari, jioni niko kanisani na wanakwaya. Leo naandika kuyatetea hayo maneno ya pembeni, kwa sababu nayapenda, na kwa sababu kwaya zetu nyingi zina sauti nzuri kuliko zinavyosikika.

Tuanze na "f", maana ndiyo yenye fujo. Kwaya zetu nyingi zinasoma sol-fa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi (d ni do, r ni re), na kwenye sol-fa "f" ni fa. Lakini "f" hiyohiyo ikikaa juu ya mstari ni forte, yaani imba kwa nguvu. Kijana mmoja mgeni wa besi aliwahi kunyoosha mkono katikati ya mazoezi akauliza, "Mwalimu, hii f ya huku juu ni fa ya nani?" Swali zuri sana. Kwenye kopi iliyochapwa vizuri unazitofautisha: ile ya nguvu imelazwa kidogo, imekaa juu ya mstari wa soprano, na haina nukta mbili za kugawa mapigo pembeni yake. Kwenye kopi ya mkono zote zinafanana. Kwa hiyo kwetu kila mwanakwaya ana kalamu nyekundu. Nyeusi ni ya nota na maneno, nyekundu ni ya herufi za nguvu ya sauti: "p" (sauti ndogo), "mp" (ndogo kiasi), "mf" (nguvu kiasi), "f" na ndugu zake. Asiye na kalamu nyekundu anaazima kwa jirani, hatuanzi kabla ya hapo.

Sol-fa yenyewe siidharau hata kidogo. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeanza kuwafundisha watoto kuimba kwa herufi, na mchungaji John Curwen akaichukua njia ile miaka ya 1840 akaiboresha na kuieneza. Wamisionari wakaileta Afrika kwa sababu haihitaji karatasi yenye mistari wala kinanda. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule aliyeongoza kwaya huko Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoimbia Mungu Ibariki Afrika, na nyimbo zake aliziandika kwa sol-fa. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba muziki wa kweli ni wa nota za mistari peke yake. Ninachosema ni kwamba sol-fa ina herufi nyingi zilizobanana, na herufi za nguvu ya sauti ndizo za kwanza kumezwa.

Sasa piano. Hili ndilo neno ninalopigana nalo kuliko yote, na ningependa msomaji akisahau mengine akumbuke hili.

Kwenye karatasi piano ni "p": imba kwa upole, sauti ndogo. Mbili, "pp", ni pianissimo, ndogo zaidi. Kwaya ikiambiwa "piano" hufanya nini? Inapunguza pumzi. Mabega yanashuka, midomo inafumbwa nusu, na ukiwa makini utasikia wimbo wenyewe unateremka: mmeanzia Doh ni G, mkifika mwisho kinanda kikiguswa mko karibu na F. Mpiga kinanda anakuangalia, wewe unaangalia dari.

Sauti ndogo inataka pumzi ileile ya sauti kubwa, na tumbo linafanya kazi zaidi, kwa sababu hewa inatoka kidogo kidogo na lazima ishikiliwe. Midomo nayo inafanya kazi zaidi, maana konsonanti hazina nguvu ya kuzibeba. Zoezi langu ni moja. Mama zetu wawili wa alto, wale wenye masikio makali, wanakwenda kukaa benchi la mwisho kabisa karibu na mlango. Sisi wengine tunaimba mbele mstari mmoja kwa piano. Wao wanatuambia wamesikia nini. Mara ya kwanza mama mmoja aliinuka akasema, "Mwalimu, nimesikia Bwana tu, hayo mengine mmeyameza." Tukarudia, midomo ikifunguka, kasi ileile, sauti ileile ndogo. Akasema, "Sasa nimesikia yote hadi nukta." Zoezi hilo limefanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote.

Watunzi wakubwa walilijua hili. Tchaikovsky katika simfonia yake ya 6, ya mwaka 1893, amempa mpiga basuni (chombo cha kupuliza chenye sauti nzito) nota chache zenye "p" sita mfululizo. Sita! Haydn naye, katika simfonia yake ya 94, ameandika sehemu ya pili kwa wimbo mdogo wa piano, akaurudia kwa pianissimo, watu wakiwa wametulia kabisa, halafu okestra nzima na ngoma zikapiga fortissimo, yaani kwa nguvu sana, mara moja. Pigo lile linashtua kwa sababu ya "pp" iliyotangulia. Ukiondoa herufi hizo mbili, hakuna mshtuko, ni pigo kama mapigo mengine.

Mfano ninaourudia kila mwaka ni Ave verum corpus ya Mozart. Kwaya nyingi za Kikatoliki nchini zinaujua, na sisi huuimba wakati wa komunyo, hasa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Mozart aliuandika Juni 1791, miezi michache kabla hajafariki, kwa ajili ya rafiki yake aliyeongoza kwaya ya kanisa katika mji mdogo wa Baden karibu na Vienna. Ni wimbo mfupi, vipimo 46 tu, dakika tatu hivi. Hakutaka kumtesa rafiki yake: nota si ngumu, hakuna sauti inayopanda kupita kiasi. Na maelezo aliyoweka ni machache mno. Mwanzoni ni adagio, yaani polepole kwa utulivu, na sotto voce, yaani kwa sauti ya chini, iliyozuiwa. Baada ya hapo hakuandika tena popote "imbeni kwa nguvu" au "imbeni kwa sauti ndogo".

Kopi tuliyokuwa nayo ilikuwa na nota zote za vipimo hivyo 46 bila kosa, na haikuwa na sotto voce. Tukawa tunauimba kama wimbo wa kutolea sadaka. Siku niliyopata kopi iliyochapwa na kuliona lile neno moja, mambo yote yalijipanga. Wimbo mzima unakaa chini yake. Na kwa kuwa umeanzia chini, pale soprano na alto wanapoanza peke yao maneno "Esto nobis", na sauti za tena (tenor) na besi wakiwafuata nyuma kwa wimbo uleule, sauti zinapanda zenyewe, na huhitaji kuongeza chochote. Mozart ameweka kupanda huko ndani ya nota. Kazi ya kwaya ni kutomaliza nguvu kabla ya kufika pale. Wenzangu wanaofundisha, naomba mjaribu: andikeni sotto voce kwa kalamu nyekundu juu kabisa ya ukurasa, msibadilishe kingine chochote, mwone.

Kwa nini Kiitaliano? Wanakwaya huniuliza, na ni haki yao. Mwishoni mwa karne ya 16 na katika karne ya 17 Italia ndiyo ilikuwa inaongoza kwa muziki Ulaya. Venice ilikuwa inachapa vitabu vya muziki kwa wingi, na Giovanni Gabrieli wa mji huo alichapisha mwaka 1597 kazi ya vyombo iliyoandikwa waziwazi wapi papigwe piano na wapi forte, mojawapo ya kazi za mwanzo kabisa kufanya hivyo. Opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, nayo ilizaliwa Italia. Waimbaji na watunzi wao wakaajiriwa katika majumba ya wafalme kila upande, wakaenda na maneno yao, na waliowafuata wakayatumia hivyohivyo. Hata kinanda cha piano kimepata jina huko: Bartolomeo Cristofori wa Florence, mnamo mwaka 1700, alitengeneza kinanda kinachoweza kulia kwa upole au kwa nguvu kulingana na kidole kinavyogusa, kikaitwa cha "piano e forte", na watu wakalifupisha. Baadaye Schumann aliandika maelekezo yake kwa Kijerumani na Debussy kwa Kifaransa, kwa hiyo si sheria ya mbinguni. Lakini faida yake naiona kila siku: kopi iliyotoka Ujerumani, Kenya au Ufilipino ikifika Dodoma, "p" ni ileile.

Maneno ya mwendo yana tabu ndogo zaidi. Largo ni polepole na kwa upana, adagio polepole, andante mwendo wa mtu anayetembea, moderato wa wastani, allegro haraka kwa uchangamfu, presto haraka sana. Tabu yake ni kwamba kila mtu ana matembezi yake. Andante ya bibi anayetoka Misa ya kwanza na andante ya kijana anayewahi daladala si moja. Ndiyo maana metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, ilipokuja ilipokelewa vizuri. Dietrich Winkel, fundi aliyeishi Amsterdam, ndiye aliyebuni namna yake ya kufanya kazi, lakini Johann Maelzel akaichukua, akaiwekea vipimo na kuisajili kwa jina lake mwaka 1815, na hadi leo vitabu vinaandika M.M., yaani metronomu ya Maelzel. Beethoven aliipenda, mwaka 1817 akatoa namba za mwendo za simfonia zake zilizokuwepo. Ukiona nota imewekwa sawa na 60, ni mapigo 60 kwa dakika, pigo moja kwa sekunde, mshale wa sekunde wa saa ya ukutani unatosha kukuongoza. Siku hizi programu ya metronomu ipo kwenye simu na ni bure. Mwalimu wa kwaya asiyeitumia anategemea moyo wake, na moyo wa mwalimu Jumapili ya Pasaka unakimbia.

Kuna "rit.", kifupi cha ritardando, punguza mwendo kidogo kidogo. Kuna "a tempo", rudi kwenye mwendo wa mwanzo. Hizi mbili ni pacha. Ukinakili ya kwanza ukaiacha ya pili, kwaya itapunguza mwendo na kubaki hukohuko hadi mwisho wa Misa.

Crescendo, inasomwa kreshendo, ndiyo ya pili kwa ugumu baada ya piano. Maana yake ongeza sauti kidogo kidogo. Inaandikwa "cresc." au kwa ile alama ya mistari miwili inayoanza pamoja na kufunguka mbele. Diminuendo au decrescendo ni kinyume chake. Kwaya ikiona crescendo inaruka: silabi ya kwanza tayari iko juu, na hakuna tena pa kwenda. Pale neno lilipoandikwa bado uko chini. Mlio unakuja kama wa treni inayoingia stesheni, unausikia mbali kabla hujaiona.

Na hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Mkazo wetu unajulikana ulipo: silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua "Bwana utuhurumie". Mkazo wa neno lile refu uko kwenye "mi". Kwa hiyo ukipewa crescendo kwenye mstari huo, panda kupitia u, tu, hu, ru, polepole, ufike kilele kwenye "mi", halafu "e" ishuke. Ukifanya hivyo msikilizaji anasikia ombi. Kwaya nyingi zinapiga kilele kwenye "e" ya mwisho kwa sababu ndiyo nota ndefu, wanaishikilia na kuisukuma, na neno linavunjika. Sisi tulikaa na neno hilo moja jioni nzima. Nilianza kwa kuwaomba waliseme tu, bila kuimba, kama mtu anayeomba kweli. Wote wakalisema sawa. Halafu wakalisema kwa nota moja. Halafu wakaimba kama lilivyoandikwa. Mzee mmoja wa tena, ambaye ameimba kwaya tangu kabla sijazaliwa, alivua miwani akasema, "Mwanangu, kumbe tulikuwa tunaimba nota tu." Watunzi wetu vijana, mnaotunga vizuri sana, naomba mliangalie hili: mkiweka alama ya crescendo, kilele chake kiangukie kwenye silabi yenye mkazo.

Legato ni kuunganisha nota bila kukata, staccato ni kuzikata fupifupi, na hapo sina la kuongeza. Fermata ni ile nusu duara yenye nukta ndani: shikilia mpaka mwalimu akate, na ukimtazama mwalimu hutakosea. D.C. al Fine ni rudi mwanzo uimbe hadi palipoandikwa Fine. D.S. ni rudi penye alama, si mwanzo. Coda ni mkia wa wimbo. Hizi watu wanazijua kwa sababu wasipozijua wanapotea hadharani. Za nguvu ya sauti hazimwaibishi mtu, ndiyo maana zinasahaulika.

A cappella ni kuimba bila vyombo, na nikiitaja hii siwezi kukwepa Ugogo. Muziki wa Kigogo ni wa sauti nyingi zilizopangana, na ulikuwa hivyo bila karatasi wala herufi. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka duniani kwa zeze na ilimba (kinanda kidogo cha vidole gumba), na akinamama wanaopiga ngoma ya muheme kule Chamwino wanakwenda hivyo hadi leo. Wanakwaya wangu waliokulia vijijini kwenye ngoma hizo, ukiwaonyesha crescendo kwa mkono tu, hawahitaji maelezo. Wanaijua mwilini. Kinachowashinda ni kuamini kwamba ile alama kwenye karatasi inazungumzia kitu hichohicho. Wakishaamini, wanawatangulia waliosoma nota mjini.

Nimalizie na Aleluya Kuu ya Handel, maana Pasaka ndiyo mtihani wetu sote. Handel aliiandika mwaka 1741 ndani ya oratorio yake (kazi ndefu ya kwaya na okestra) ya Messiah, ikaimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Ni allegro, na kwaya zinapenda kuikimbiza. Besi wanaanza ile sehemu ya "atatawala milele", tena, alto na soprano wanafuata mmoja mmoja, trompeti na ngoma zinajibu, na mwishoni kabisa Aleluya zinarundikana moja juu ya nyingine. Halafu kimya. Kila kitu kinasimama. Halafu linakuja neno adagio, na Aleluya ya mwisho inaimbwa polepole, kwa upana wote.

Kila mwalimu wa kwaya anajua kinachotokea kwenye kimya kile: mtu anaingia peke yake. Na tatizo liko kwenye kopi. Katika sol-fa kimya kinaandikwa kwa nafasi tupu. Hakuna herufi yoyote, ni mahali patupu kati ya nukta mbili. Anayenakili kwa haraka anadhani ni nafasi iliyobaki kwenye mstari, anaibana ili karatasi itoshe. Kimya cha Handel kimeliwa, na lile neno adagio limeliwa pamoja nacho, kwa hiyo Aleluya ya mwisho inapigwa kwa mwendo uleule kana kwamba mtu anafunga mlango.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaonakili na kuchapa nyimbo ni hili. Anza na kichwa: jina la wimbo, mtunzi, Doh ni ipi, mwendo ni upi na namba yake kama ipo. Nakili nota na maneno. Halafu rudi mwanzo wa ukurasa na upite mara ya pili ukitafuta vitu vinne tu: herufi za nguvu ya sauti, alama za kupanda na kushuka, maneno ya mwendo, na nafasi tupu. Hesabu mapigo ya kila nafasi tupu kabla hujaibana. Ukipiga picha, piga ukurasa mzima hadi kingo, maana "cresc." mara nyingi imekaa pembezoni na ndiyo inayokatwa. Na kama kopi uliyonayo haina kitu kabisa, usibuni ukaandika kama vile ni ya mtunzi. Tafuta iliyochapwa. Ave verum na Messiah zote zinapatikana mtandaoni bure, haki zake zilishakwisha muda wake zamani. Mimi ninazo zote mbili nilizolinganisha na zilizochapwa, zenye maneno yake yote. Mwenye kuzihitaji aache ujumbe hapa chini, nitamtumia.